Upande wa Kushoto wa Daftari

Kilolo, Iringa
3 Februari 1974

Roza mwenzangu,

Kamwene! Nakusalimia kwa Kihehe ili unijibu kwa Kisukuma, maana mashine yako ya chapa hainionyeshi sura yako, lakini ile "mwangaluka" yako huwa naisikia kabisa masikioni.

Kwenye bahasha hii utakuta hadithi yangu, "Komeo", kurasa kumi na moja za mwandiko wa mkono. Samahani kwa doa la ukurasa wa nne, ni mafuta ya taa. Tangu turudi kutoka semina ya waandishi ya Mchungaji Asukile, mhariri wa gazeti, nimeiandika mara tatu, na leo nimesema basi, iende.

Unaikumbuka? Ni ile ya ndugu wawili wa kike waliogombania shamba la marehemu mama yao. Miaka sita hawasalimiani. Siku moja mvua kubwa inanyesha, mdogo anabisha mlango wa jikoni, mkubwa anashika komeo. Ukurasa wa kumi na moja anafungua, wanalia, wanasameheana, na mchungaji wao anasema maneno kidogo. Hapo ndipo nilipotoa jasho, wala usicheke.

Sasa dada, nikuombe. Mchungaji alisema gazeti halipokei mwandiko wa mkono, lazima ipigwe chapa, mistari iachiane nafasi. Huku Kilolo mashine ya chapa iko moja, kwa katibu tarafa, na katibu tarafa ananidai salamu tangu nimkatae. Kwa hiyo ni wewe. Nakuonea wivu, Roza, nakwambia waziwazi. Una mashine, una kamusi kubwa ya ofisini, una taa ya umeme juu ya kichwa. Mimi nina kalamu inayovuja na watoto sabini wa darasa la tatu. Ningekuwa na mashine hiyo ningekuwa nimemaliza vitabu viwili.

Najua na wewe unapeleka yako. Atakayechaguliwa anapewa ukurasa wa hadithi mwaka mzima, pamoja na ile mashine ya zamani ya pale gazetini. Basi tuombeane, na Mungu achague mwenyewe.

Unaendelea na daftari? Mimi najaribu. Upande wa kushoto naandika ninayojisemea moyoni, yalivyo, bila kuyatia sukari. Upande wa kulia najibu mbele za Mungu. Mchungaji alisema katika vifaa vyote vya mwandishi, kamusi na mashine na redio, hicho ndicho kinachouma. Kweli kinauma.

Wako,
Esta Kalinga


Iyunga, Mbeya
19 Februari 1974

Dada Esta,

Mwangaluka. Mimi mzima, na wazazi kule Chimala wazima, isipokuwa baba analalamika kwamba ng'ombe wamekonda na majani yameota kwa majirani tu.

Hadithi yako nimeipata, na nimeipiga chapa baada ya saa za kazi kwa ruhusa ya meneja. Jana nimeituma kwa Mchungaji Asukile pamoja na yangu, bahasha moja, kwa rejista. Risiti ninayo.

Nakala yako sijaitoa. Karatasi ya kaboni imeniishia na ghalani hawajaleta nyingine. Zikipatikana nitakupigia upya. Usiwe na wasiwasi.

Hadithi ni nzuri. Ina makosa machache ya nukta, nimeyarekebisha.

Daftari ninalo. Mchungaji alikataza tusionyeshane upande wa kushoto, lakini wa kulia hakukataza, kwa hiyo nakutumia majibu yangu ya wiki hii:

"Mungu hana zawadi moja tu ghalani mwake."
"Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa, si kupima."
"Kaini naye aliulizwa kwanza, kabla hajafanya."

Tuombeane.

Roza Masunga


Kilolo
10 Machi 1974

Roza we,

Barua zako ziko kama zimetoka kwa bwana shamba. "Risiti ninayo." Haya, ahsante, itunze.

Majibu yako nimeyasoma mara mbili. Mazito. Nikajiuliza, huyu mtoto mpole wa kanisani, anayenyoosha hata pembe za bahasha, anajisemea nini huko kushoto mpaka amwite Kaini? Usiniambie, najua sheria. Ila kama ni yule karani mwenzako aliyechukua kiti chako cha dirishani, msamehe, kiti si shamba.

Nakala naingoja. Mama anataka nimsomee. Nimemwambia hadithi iko Mbeya, imekwenda kusoma.

Huku mahindi hakuna, tunakula unga wa njano. Darasa la kisomo cha watu wazima limejaa hata hivyo. Wazee wanajua kuandika majina yao sasa, na mmoja ameliandika la kwake kwenye mlango wa zizi.

Nikisikia lolote kutoka kwa Mchungaji nitakuandikia siku hiyohiyo. Na wewe hivyohivyo.

Esta


Ofisi ya Gazeti
2 Juni 1974

Ndugu Esta Kalinga,

Bwana asifiwe.

Tumepokea hadithi arobaini na mbili. Tumechagua "Komeo". Imechapishwa katika toleo hili ninaloliambatanisha, na kuanzia Agosti ukurasa wa hadithi ni wako. Mashine utaipokea stendi ya Iringa, tutaikabidhi kwa kondakta tunayemfahamu. Herufi Z inakwama, uizoee.

Nikwambie ukweli. Nilipofika pale dada mkubwa ameshika komeo, na hadithi ikaishia hapo, niligeuza karatasi kutafuta mwendelezo. Hapakuwa na kitu. Nina ndugu yangu kule Tukuyu ambaye hatujasemezana tangu mazishi ya baba. Jumamosi nilipanda basi nikaenda kwake. Mwandishi anayejua kunyamaza mahali pale ni adimu. Nani alikufundisha?

Wako katika kazi ya Bwana,
Mch. Asukile


Kilolo
20 Juni 1974

Roza, Roza, Roza!

Wamechukua "Komeo"! Kaa chini kwanza.

Sasa sikiliza ajabu. Ukurasa wa kumi na moja haupo. Mchungaji ameukata mzima! Anafungua, wanalia, mchungaji anasema maneno, vyote vimetupwa. Siku mbili nilikasirika sikula. Nikasema, mzee huyu ananikata mkono halafu ananisifu kwamba najua kunyamaza. Eti ananiuliza nani alinifundisha! Nikadhani ni utani wa wahariri.

Halafu nikaisoma kwenye darasa la kisomo. Nilipofika kwenye komeo nikanyamaza, maana hakuna zaidi. Weee! Mama mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, alifungua au hakufungua?" Mwingine akasema, "Asifungue, alimwibia shamba." Wakagombana mpaka giza linaingia. Mama yangu naye alikuwepo, na asubuhi akaniambia niende kumwita mama mdogo aje tule naye. Ndipo nikajua mzee Asukile ana jicho. Ule ukurasa ulikuwa mahubiri, Roza. Mimi nilikuwa nawafungulia watu mlango kwa lazima.

Nimeona hadithi yako haimo. Nimehuzunika sana, kweli kabisa, furaha yangu imeingia mchanga. Yako ilikuwa na lugha safi kuliko yangu. Usikate tamaa. Mwaka ujao ni wako.

Mashine ikifika barua ya kwanza ni yako.

Esta wako


Iyunga
4 Julai 1974

Dada Esta,

Hongera.

Kazi ni nyingi ofisini, wanafunga hesabu za mwaka. Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Roza Masunga


Iyunga
11 Agosti 1974

Dada Esta,

Leo naandika kwa mkono. Uliwahi kusema mashine haikuonyeshi sura yangu, nami niliifurahia kwa sababu hiyo.

Mchungaji Asukile hakukata kitu. Ukurasa wa kumi na moja niliuondoa mimi. Nilipiga kumi, nikaweka ule wa mwisho kwenye mtoto wa meza, chini ya bahasha. Upo hadi sasa. Na kaboni haikuwa imeisha. Nilikuwa na boksi zima. Sikutaka uwe na nakala ambayo ungeihesabu.

Usifikiri niliona kwamba ni mahubiri. Sikuona. Nililia kwenye huo ukurasa, Dada, pale wanapokumbatiana, machozi yaliingia kwenye herufi. Nilipomaliza kulia nikasema moyoni: hadithi isiyo na mwisho hutupwa kapuni. Nikaukunja. Nilitaka utupwe. Nilikuwa nimekaa na yangu miezi minne, kila nukta mahali pake, na wewe ukaja na doa la mafuta ya taa, ukanipita.

Nilikuonea wivu hata kabla ya hapo. Pale semina, uliposoma na watu wakacheka, mimi nilicheka nikiwa nimekunja vidole vya miguu ndani ya viatu.

Halafu ikawa vile ilivyokuwa. Nilikukata nikakupamba. Gazeti nalifungua, naona ubaya wangu umechapwa vizuri na jina lako juu, na Mchungaji amekwenda kupatana na ndugu yake. Na wewe unanishukuru! Kila mstari wako wa "furaha yangu imeingia mchanga" ulinichoma.

Padri wa parokia yetu nimekwisha kumwambia. Alisema nikuambie. Lakini wiki tano nimeshindwa, na sababu nitakuonyesha. Navunja sheria, nakunakilia upande wa kushoto wa tarehe 9:

"Mwambie. Utapata amani."
"Mwambie, ajue ule mwisho unaosifiwa ni wako."
"Akijua hataweza kukaa nao kimya. Namfahamu. Atarudisha mashine."
"Basi mwambie."

Sijui katika hayo ni lipi linaloandika barua hii. Upande wa kulia nimekaa nao usiku na mchana, sijapata jibu. Nimeuacha mweupe. Nakutumia hivyo hivyo.

Nisamehe, kama inawezekana. Ukurasa wako nimeuweka ndani.

Roza


KILOLO
25 AGOSTI 1974

ROZA,

NAANDIKA KWA MASHINE. NILIKUAHIDI BARUA YA KWANZA. NI YA KWANZA NA YA MWISHO. SIJUI KUSHUSHA HERUFI KUBWA, NA LEO SITAKI.

ILIKAA MEZANI KWANGU WIKI TATU. MAMA ALIIFUMIA KITAMBAA.

NIMEMWANDIKIA MCHUNGAJI KWAMBA HADITHI ALIYOICHAGUA SI YANGU YOTE. NIMEMPELEKEA UKURASA WA KUMI NA MOJA AONE. SIKUMTAJIA ALIYEUKATA. KESHO NAIFUNGA KWENYE KANGA, INARUDI.

ULIJUA NITAFANYA HIVYO. UMEANDIKA MWENYEWE. KUNA WATU HUIBA MARA MOJA. WEWE UMENIIBIA KWA KUKATA, UKANIIBIA TENA KWA KUUNGAMA.

USINIANDIKIE.

ESTA KALINGA


Iyunga
15 Desemba 1974

Dada Esta,

Ulisema nisiandike. Nilituma mbili, hukujibu, hii ni ya tatu. Nitakuwa mfupi.

Mchungaji Asukile alikuja Mbeya, akaja moja kwa moja ofisini kwangu. Hukunitaja, lakini alijua bahasha ilitoka wapi. Akaniambia, "Aliyekata ana jicho la mhariri. Gazeti linahitaji mtu wa namna hiyo." Nikafurahi, Dada. Nakwambia ukweli, moyo uliruka. Kisha akasema, "Lakini jicho hilo lilikuwa limefumba siku ile. Mkono ndio uliokata. Nenda kwanza ukaukabidhi mkono huo kwa uliyemkata." Nikamwambia sistahili kazi hiyo. Hakubisha.

Ukurasa wa hadithi amepewa Damari wa Tukuyu, aliyekuwa wa pili. Nimesoma hadithi yake ya kwanza. Si kama zako. Nilisikitika, na safari hii nilijichunguza upande wa kushoto nikakuta masikitiko yaleyale. Nikashukuru kwa hilo.

Heri ya Noeli kwako na kwa mama.

Roza


Kilolo
2 Machi 1975

Roza,

Nimeanza barua hii mara nne. Mama ndiye aliyenishinda. Kila jioni ananiuliza, "Yule binti wa Mbeya, ulimfungulia au hukumfungulia?" Tangu ile siku ya kisomo hana swali lingine.

Nilitaka kukuandikia kwamba nimekusamehe, niandike vizuri, kama ukurasa wa kumi na moja. Nikaona nitakuwa nafanya mahubiri tena. Nikafungua daftari nitafute maneno ya upande wa kulia. Badala yake nikasoma kushoto, tangu mwanzo, peke yangu, kwa sauti. Sasa na mimi navunja sheria. Nimechana karatasi yenyewe, hii hapa, mwandiko wangu utaujua:

Februari: "Roza ana mashine na hana la kusema nayo. Mungu hugawa ovyo."

Machi: "Kama Roza akichaguliwa sitamwandikia tena. Nitasema posta imepoteza."

Juni 20: "Nimemwandikia kwamba nimehuzunika. Nilipoona jina lake halimo nilicheka peke yangu chooni. Mama akauliza nacheka nini."

Agosti 24: "Irudishe mashine. Mchungaji atakuona mtakatifu, na Roza hatalala."

Nimemaliza. Unaona ile ya mwisho? Nyote mlidhani nimerudisha kwa uaminifu. Mchungaji alinisifu kwa barua, mstari mzima. Nilirudisha kwa uaminifu na kwa hasira, nusu kwa nusu, na nusu ya hasira ndiyo iliyobeba mzigo mpaka stendi.

Kwa hiyo sisi ni wawili, Roza. Tofauti ni kwamba mimi nilishinda, na mtu akishinda wivu wake haukutani na mkasi. Ningekuwa mimi niliyekaa mbele ya mashine, na hadithi yako iko mkononi, sijui. Nimejiuliza mbele za Mungu, na sijui.

Bado nina hasira kidogo. Siyo nyingi, inanitosha mimi tu. Nikikaa kuombea iishe naona inapungua, nikipita kwa katibu tarafa nikasikia mashine yake inalia, inarudi.

Nimeandika hadithi nyingine. Mwanamke amekataa kwenda kijiji kipya na wenzake kwa sababu kaburi la mtoto liko nyuma ya nyumba. Mashine sina, unajua mwenyewe kwa nini. Mwandiko ule ule, doa safari hii ni la chai.

Ni kurasa tisa. Nimeziandika namba juu, kwa wino mwekundu.

Esta


Iyunga
16 Machi 1975

Dada Esta,

Mwangaluka.

Kurasa tisa zimefika. Nimezihesabu mbele ya tarishi.

Nimepiga zote tisa, nakala tatu. Moja nimeituma kwa Mchungaji, moja hii hapa, moja ninayo. Hesabu na wewe.

Karatasi yako niliyoiona sitaitaja. Nimeibandika kwenye daftari langu, upande wa kushoto, mkabala na ule ukurasa mweupe. Mweupe bado ni mweupe, lakini sasa haunitishi kama zamani.

Kurasa nane za mwanzo ni nzuri kuliko "Komeo". Nilipofika wa tano niliacha kupiga, nikatoka nje nikasimama uani. Nilikuonea wivu, Dada. Nikarudi nikakaa, nikaendelea kupiga.

Ukurasa wa tisa ni mbaya. Yule mchungaji wa hadithi zako amerudi tena na maneno yake kidogo.

Nimeupiga wote, mpaka nukta ya mwisho. Ukitaka ukatwe, kata wewe mwenyewe, kisha mwandikie Mchungaji.

Roza